Siku Tembo na Kiboko Waliposhindana Kuchelewa

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yenu haikumbuki vizuri ingawa hatakubali, wanyama wa Kilima Chekundu walikuwa na bustani ya michezo. Ndiyo, bustani ya michezo! Wewe unayecheka, subiri, bado sijafika penye kuchekesha.

Mwaka ule walijenga mtelezo mpya. Unapanda kileleni, unakaa kitako, unajiachia, wiiiii! mpaka bwawani, chubwi! Wanyama wadogo ndio waliochimba. Wakubwa walifanya kazi nzito zaidi: walibishana.

"Mtelezo uwe mnyoofu!" alipaza sauti Tembo. "Mpana kama mgongo wangu!"

"Mnyoofu?" Kiboko akacheka, hoh-hoh-hoh! "Huo ni mtelezo au njia ya kwenda msibani? Mimi nataka kona! Kona, tena kona, halafu tope!"

"Ukipita wewe kwenye kona, itabaki kona?"

Kila mmoja alikuwa na mashabiki wake. Nyati walishangilia Mnyoofu, Ngiri walishangilia Kona, na majirani wakaacha kuombana chumvi. Walipochoka kubishania umbo, wakahamia siku ya kufungua. Tembo alitaka kiangazi, ardhi iwe imekauka. Kiboko alitaka masika, kila kitu kiwe kimelowa.

Jambo moja tu walikubaliana: siku ya ufunguzi, wakubwa kwanza.

Bi Pimbi aliposikia hayo, alisimamisha masikio. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo wa mawe-mawe, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Mwaka uliotangulia ilifunguliwa bembea, na Kiboko akakaa wa kwanza. Kwacha! Kamba ikakatika. Watoto wa Pimbi, waliosokota kamba ile kwa mikono yao, hawakubembea hata mara moja. Chepe, kitinda mimba, mpaka leo akiona kamba hununa.

"Mama," Chepe akauliza, kucha zimejaa udongo, "na mwaka huu watavunja kabla yetu?"

"Mwaka huu," alisema Bi Pimbi, "mtateleza mpaka mniombe niwape ruhusa ya kupumzika."

Akaenda moja kwa moja kwenye baraza la wakubwa.

"Shikamooni."

"Marahaba. Sema haraka, tunabishana."

"Mtelezo umekwisha. Juu mnyoofu, chini kona. Tunafungua kesho asubuhi. Limebaki swali moja: mgeni rasmi ni nani?"

"Mimi!" akasema Tembo.

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Msigombane, mabwana zangu. Kesho atajulikana mwenyewe. Si mnajua mgeni rasmi anavyotambulika?"

"Kwa ukubwa!"

"Kwa mdomo!"

"Kwa kuchelewa," alisema Bi Pimbi. "Mmewahi kumwona mgeni rasmi anawahi? Anayewahi ni mpanga viti! Mgeni rasmi huja wa mwisho kabisa, watu wameshachoka kunyoosha shingo. Akishakata utepe, yeye ndiye anayefungua."

Tembo na Kiboko wakatazamana. Kweli! Sherehe zote za Kilima Chekundu zilikwenda hivyohivyo.

Mzee Kobe, aliyekuwa pembeni, akashtuka. "Basi mimi naondoka sasa hivi, nisije nikakosa." Akashika njia ya kilimani: kwata... kwata... kwata.

Asubuhi wadogo wote walikuwa wamefika. Na wakubwa je? Tembo alijificha nyuma ya kichuguu. Kichuguu chenyewe kilimfika magotini, lakini alifumba macho akaamini haonekani. Kiboko alijizika kwenye matete, masikio tu nje.

Bi Pimbi akaja mbio. "Bwana Tembo, Kiboko hajafika."

"Basi na mimi sijafika!"

Akakimbilia kwenye matete. "Bwana Kiboko, Tembo hajafika."

"Mwambie hata mimi hunijui!"

Kutoka kilimani ikasikika: wiiiii! Chubwi! Wiiiii! Chubwi!

"Kelele gani hizo?" Tembo akauliza.

"Wadogo wanajaribu mtelezo, Bwana. Au mgeni rasmi ateleze kwenye kitu ambacho hakijajaribiwa?"

"Hasha! Wajaribu sawasawa! Warudie!"

Wakarudia. Wee! Walirudia kifudifudi, chalichali, kinyumenyume, panya wameshikana mikia kama shanga. Chepe aliteleza mpaka akamwendea mama yake anayumba. "Mama, naomba nipumzike." Bi Pimbi akampa ruhusa.

Jua lilipoanza kushuka, Tembo alisema moyoni, ngoja nirudi nyuma kidogo, nichelewe zaidi. Kiboko naye, ngoja nirudi nyuma kidogo. Wakarudi kinyumenyume, polepole, kila mmoja kutoka upande wake. PUU! Makalio kwa makalio.

"Unafanya nini hapa?"

"Nachelewa. Na wewe?"

"Nachelewa."

Wiiiii! Chubwi!

"Tembo ndugu yangu, huko hawajaribu. Huko wanateleza!"

Wakatimka, ardhi ikitikisika, gudugudugudu! Wakafika kileleni wanahema. Mashabiki wao, Nyati na Ngiri, walikuwa wameshabishana tangu asubuhi nani kachelewa vizuri zaidi, mpaka usingizi ukawachukua.

"Pimbi! Umetudanganya!" Tembo akafoka. "Tupishe!"

"Kwa adabu, mabwana zangu. Mgeni rasmi hajafika."

"Nani tena? Sisi ndio wa mwisho!"

Ndipo ikasikika njiani: kwata... kwata... kwata.

"Samahanini, jamani," alisema Mzee Kobe, jasho likimtiririka. "Najua nimechelewa. Mmeshafunga?"

"MGENI RASMI AMEFIKA!" akapiga kelele Bi Pimbi. Vigelegele vikapasua anga. Kobe akavishwa shada la maua, akang'ata utepe wa majani, kacha! Akageuzwa chali juu ya gamba lake, akateremka akizunguka kama pia. Wiiiiiiii! Chubwi!

Tembo na Kiboko hawakungoja makofi yaishe. Walijirusha pamoja. Porrromoka! Mnyoofu ukaenda, kona zikaenda, kilima nusu kikaenda bwawani na wao juu yake.

Wadogo wala hawakununa. Walikuwa wameshashiba kuteleza, hata Chepe alicheka.

Na nyinyi wanangu, shikeni hili: anayejichelewesha ili aonekane mkubwa, atawakuta wadogo wameshafurahi.