Jina la Mama Yake

Shaka ingiapo ndani, hutandikiwa kitanda,
Hunong'ona sikioni, hadi moyo ukaganda.

Waumini wenzangu, na nyinyi mama zetu mlioketi nyuma ya pazia, nipeni masikio yenu kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa na binti wa miaka kumi na saba. Binti huyo alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mitaani tunauita sikoseli. Kila baada ya miezi kadhaa midomo yake ilipauka, pumzi ikamwishia kwa kupanda ngazi tatu tu za baraza, na mama akafunga mizigo kumpeleka hospitali aongezewe damu.

Sasa sikilizeni jambo lililomtia mama huyu shaka, maana shaka yake haikuota hewani. Miaka mitatu nyuma binti alilazwa katika wodi ileile. Akaulizwa, "Jina lako nani? Na mama yako anaitwa nani?" Akajibu kwa ukweli kwamba yeye ni Batuli, na mama yake ni Saumu. Akatundikiwa damu, akapata nafuu, akarudi nyumbani akicheka. Siku ya saba macho yakageuka manjano. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa. Damu yote aliyopewa ikamwishia mwilini, na alirudishwa hospitali amebebwa kwenye shuka, akapona kwa taabu kubwa.

Aliporudi nyumbani, jirani akaja kumjulia hali. Akaketi, akatikisa kichwa, akauliza:

"Walimwuliza jina lake?"

"Walimwuliza."

"Na lako?"

"Na langu."

"Basi shoga yangu, niambie wewe mwenyewe. Mpiga ramli akitaka kumpata mtu, huuliza nini?"

Mama alilijua jibu. Na nyinyi msijifanye hamjui! Huuliza jina la mtu na jina la mama yake, akazihesabu herufi, akaitoa nyota. Tangu saa ile mama aliapa moyoni kwamba hakuna mvaa nguo nyeupe atakayelipata tena jina la mwanawe.

Kwa hiyo damu ilipopungua tena, njia nzima ya kwenda hospitali alikuwa akimfundisha binti.

"Wewe ni nani?"

"Riziki."

"Mama yako?"

"Mize. Lakini mama, kudanganya hospitali, jamani?"

"Si kudanganya. Ni kinga. Funga mdomo, hifadhi pumzi."

Mapokezi wakaandika Riziki binti Mize, likafunguliwa faili jipya, jeupe, lisilo na habari ya jana wala ya juzi.

Wodini walikutana na nesi mmoja wa makamo, mwembamba, asiyecheka ovyo. Ndugu zangu, mtu akishavaa miwani ya shaka, hata maji huyaona yana rangi. Nesi alivuta chini ukope wa binti atazame wekundu wake. Mama akajiuliza, anatafuta nini machoni mwa mwanangu? Nesi alipima mkojo na kuandika. Mama akajiuliza, maji machafu ya mtu yanaandikwa ya nini? Nesi alimwogesha binti taratibu, akamgeuza kwa viganja vilivyo wazi asimwumize viungo, akamkumbusha kunywa maji kila mara, akampa dawa ya maumivu kabla hajalia. Mama akajiuliza, wema wote huu kwa mtoto wa mtu baki, unataka kununua kitu gani? Nesi alipovuta damu kidogo kwenye kijichupa na kukipeleka maabara, mama alikisindikiza kwa macho mpaka mlangoni, kama anayemwona mwizi akitoka na kuku wake.

Na kila mara, kabla ya kidonge, kabla ya sindano, kabla ya kijichupa, nesi aliuliza lilelile: "Binti, jina lako nani? Na la mama yako?"

Bibi mmoja aliyekuwa akimwuguza mumewe kitanda cha jirani alichoka kusikia. "Nesi huyu mimi ananishangaza," akasema. "Jana amemwuliza mzee wangu jina la mama yake mara nne. Mara ya tano nitamwambia aende makaburini akamwulize mwenyewe!"

Wodi nzima ikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu: mara nne kwa mzee, mara sita kwa binti. Kwa nini kwa binti ziwe sita?

Siku ya tatu asubuhi hali ilibadilika. Fizi za binti zilikuwa nyeupe, moyo unadunda hadi shingoni unaonekana. Mjomba wake alikuwa amekwishafika kuchangia damu, na alitoka huko akijisifu, pamba imebanwa kwenye kiwiko. "Dada, nimetoa damu ya mvuta ugoro. Binti akiamka akidai ugoro, msinilaumu." Kwa mara ya kwanza mama alitabasamu. Damu ya kaka yake! Hiyo aliielewa.

Saa nne nesi akaja na mfuko wa damu, na pembeni yake nesi mwenzake ameshika karatasi. Kwa desturi ya kazi yao, damu haitundikwi na mtu mmoja. Mmoja husoma mfuko, mwingine husoma karatasi, na mgonjwa mwenyewe hujitaja. Nesi akainama.

"Binti, jina lako nani?"

Binti alikuwa na homa. Macho yamefumba, ulimi mzito, na mafunzo yote ya njiani yamemtoka. Akasema, "Batuli."

"Mama yako?"

"Saumu."

Nesi wawili wakatazamana. Mama aliruka kutoka kwenye kiti. "Anaweweseka! Homa hiyo! Huyu ni Riziki, wewe mtundikie tu."

Nesi aliurudisha mfuko kwenye sinia.

"Bibie, unafanya nini?"

"Jina alilolisema silo lililo hapa, mama. Siwezi."

"Huwezi? Siku tatu unamwogesha, unamgeuza, unamjua hadi alama ya chanjo begani, leo humjui?"

"Namjua. Ninayemjua sana ndiye ninayeweza kumkosea. Mkono huu, mama," nesi akaunyanyua mkono wake wa kulia, "kila siku naushuku. Ndiyo maana nauliza. Nikosee mara moja tu katika kazi hii, hakuna wa kumwomba radhi."

Akamwambia mwenzake amwekee binti oksijeni na amwite daktari, kisha yeye akaondoka na mfuko, akaurudisha maabara.

Mnaona mambo yalivyo? Moyoni mama akasema, ndiyo haya! Wamepata kisingizio. Damu ya kaka yangu inakwenda kupewa mtu mwingine, na mwanangu anakatika roho mbele yangu. Alimfuata nesi mpaka kwenye ujia, akamshika mkono wa gauni.

"Irudishe damu yetu!"

"Nipe jina lake."

"Nimekwishakupa."

"Mama, nitazame. Nimebakiwa na swali moja tu, na jibu unalo wewe. Yule mtoto anaitwa nani?"

Ndugu zangu, simameni kidogo mahali alipokuwa amesimama mama huyu. Nyuma yake mwana anapumua kwa shida. Mbele yake mwanamke anayedai kitu kilekile ambacho, kwa imani yake, ndicho kilichotaka kumuua mwanawe mara ya kwanza. Akilitoa jina, amemkabidhi. Akilificha, damu haitundikwi. Ingekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu upesi. Wewe unampenda mwanao kuliko yule mama alivyompenda wake? Sidhani. Na mimi je? Sidhani. Basi usimcheke.

Binti alikohoa huko ndani, kikohozi chembamba kisicho na nguvu. Mama akauachia mkono wa gauni.

"Batuli," akasema. "Batuli binti Saumu. Saumu ni mimi. Na ukimdhuru, mbele ya Mola tutakutana."

Nesi hakukasirika, wala hakumkaripia. Aliuliza swali jingine moja tu: "Amewahi kulazwa hapa kwa jina hilo?"

"Miaka mitatu nyuma."

Nesi alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha mafaili. Alikaa huko hadi mama akaanza tena kushuku. Aliporudi alikuwa na faili kuukuu lenye vumbi, amelifungua kwenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa huo palikuwa na maandishi ya wino mwekundu. Akaketi karibu na mama, akamsomea polepole kwa maneno ya nyumbani.

Aliyekuwa amemvamia binti mwaka ule hakuwa mchawi. Damu ya watu haifanani, hata yale makundi makubwa yakilingana. Mwili wa binti, kwa kupewa damu za watu wengi tangu utoto, ulikuwa umejifunza kuikataa damu ya namna moja, na ilipoingia uliivunja yote ndani ya siku saba. Waliokuwapo waliligundua jambo hilo binti aliporudishwa, wakaliandika kwa wino mwekundu chini ya jina la Batuli binti Saumu, ili asipewe tena damu ya namna ile maisha yake yote. Na ugomvi huo wa damu una tabia ya kujificha. Miaka ikipita, kipimo cha siku moja kinaweza kisiuone. Kumbukumbu yake inabaki kwenye faili tu.

"Na mfuko wa leo?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimewauliza maabara. Ni wa namna ileile."

"Damu ya kaka yangu?"

"Ya kaka yako haijamaliza hata kupimwa, mama. Huu ulitoka kwenye jokofu. Lakini ungekuwa wa kaka yako, au wangu mimi, ni mamoja. Tungemtundikia Riziki. Riziki angepata nafuu, mngerudi nyumbani mnacheka. Siku ya saba angekufa Batuli."

Mama hakupiga ukelele. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaketi sakafuni.

Kazi ilibaki nyingi. Binti alivutwa damu upya kwa jina lake. Maabara wakapiga simu kituo cha damu cha mkoa kutafuta namna isiyomdhuru, na gari likafika alasiri, saa ambazo mama alizihesabu kwa pumzi za mwanawe. Nesi akaja na mfuko mpya, na mwenzake na karatasi, akainama.

"Binti, jina lako nani?"

"Batuli binti Saumu!" mama akadakia.

"Sikukuuliza wewe, mama."

Bibi wa kitanda cha jirani akaziba mdomo kwa kanga. Binti akafungua jicho moja, akasema jina lake, akasema na la mama yake. Mwenzake akasoma karatasi herufi kwa herufi. Damu ikaanza kushuka, tone baada ya tone, taratibu sana.

Waumini wenzangu, mtasema mfano huu ni wa mama mwenye shaka na nesi mwenye imani. Hapana. Rudini mtazame tena. Katika wodi ile palikuwa na watu wawili wenye shaka, na wa pili alikuwa na shaka kuliko wa kwanza! Mama alimshuku nesi, akaushuku wema wa nesi, akaishuku kalamu, kijichupa na swali. Kila kitu alikishuku isipokuwa kimoja, nacho ni fikra yake mwenyewe. Nesi hakuzunguka kote huko. Alianza na mkono wake. Alijua kwamba macho yake yaweza kuchoka, kwamba mazoea yaweza kumdanganya, na kwa sababu hiyo aliuliza mara sita, na ya saba, na hakuona haya.

Na sisi je? Sisi tunaotoka hapa kila Ijumaa, shaka zetu tunazipeleka wapi? Mke akichelewa sokoni, tunamshuku. Jirani akituletea futari, tunachungulia bakuli. Daktari akiuliza, tunamficha; mwalimu akiita, tunamdanganya; na kidonda kilekile kinachohitaji kuonwa ndicho tunachokifunika kwa jina la kuazima, kisha tunalalamika kwamba hatuponi. Lakini ni nani kati yetu aliyeamka leo akautazama mkono wake wa kulia akasema, wewe, ninakushuku? Ni nani aliyeurudisha ulimi wake kwenye sinia kabla haujamwaga neno, akauliza kwanza, neno hili ni la nani, na linakwenda kwa nani?

Siwaambii muache kushuku. Mola ametupa hofu kwa sababu. Ninawaambia muigeuze uso. Shaka inayomtazama jirani ilimweka binti wa watu siku tatu chini ya jina lisilo lake. Shaka inayojitazama yenyewe ilimpatia jina lake na uhai wake. Ni shaka ileile moja, jamani. Tofauti yake ni upande inakotazama.

Mtataka kujua ilikuwaje baadaye. Mwanzo wa kila mfuko mgonjwa huangaliwa kwa robo saa bila kuachwa, maana madhara mengi ya haraka huanzia hapo. Kengele ya kubadilishana zamu ilikuwa imekwishalia na nesi wengine wamekwisha kuchukua mikoba yao. Mjomba alikuwa amesinzia kwenye benchi. Binti alilala. Mama aliketi sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye chaga ya kitanda. Aliyebaki amesimama, mkono mmoja kwenye mshipa wa binti na macho kwenye tone, alikuwa nesi.