Mgeni Aliyelala Chini ya Mto

Paukwa!

Pakawa!

Ndiyo kuitikia huko? Wewe unayesinzia, kaa vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Mto alipokuwa bado anamwaga maji yake pwani bila kuulizwa na mtu, bondeni kwake aliishi mkulima wa mpunga, Siwatu. Kijijini kazi yake ilikuwa kuonja maji. Msimu wote wa kilimo hakutia chumvi mdomoni, ili ulimi usimdanganye. Mto akijaa, Siwatu hushuka, huchota kwa kiganja, huonja. Maji yakiwa matamu, hupaza sauti, "Toboeni!" Wenzake hutoboa kwa chini matuta yanayozuia maji, na mashamba hunywa.

Mwaka huo njaa iliwashika kweli kweli. Nzige walikula kila kitu, na mbegu iliyopandwa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Bintiye, Kidawa, alibaki macho na mbavu. Kila jioni alimwuliza, "Mama, mpunga umeiva?"

"Bado kidogo, mwanangu. Vumilia."

Basi, Bahari naye alikuwa anavimba. Msiniulize alikula nini! Alivimba tu, mpaka nyumba yake ikawa haimtoshi. Akamwendea Mto.

"Hodi, ndugu yangu. Nipe pa kuweka miguu."

"Karibu, weka hapo mlangoni."

Akarudi tena. "Hodi, ndugu yangu. Nipe pa kuweka magoti."

"Karibu, sogea ndani."

Akarudi tena. "Hodi, ndugu yangu. Nipe pa kulala."

Mto akasita. Lakini kumfukuza mgeni aliyekwisha kuingia ndani, jamani, utamtazamaje mtu usoni? Akasema, "Haya, lala. Ila ulale chini, mimi nipite juu, watu wangu wasikuone."

Bahari akajilaza, mzito, kimya. Chini maji chumvi, juu maji matamu.

Siwatu akashuka kuonja. Alipoona maji yamepanda vile, akaingiwa na shaka.

"Mjomba Mto, uko peke yako?"

"Nionje, mpwa wangu." Akaonja. Matamu.

"Mjomba, mbona umejaa hivi?"

"Nionje, mpwa wangu." Akaonja. Matamu.

"Mjomba, kuna mtu ndani kwako?"

"Si nimekwambia unionje?" Mto alijibu. Siwatu akaonja. Matamu. Akamfikiria Kidawa, akaona anapoteza muda bure.

"Toboeni!"

Wakatoboa kwa chini, kama siku zote. Masikini! Yaliyoingia ni ya Bahari. Mpunga uliokuwa unatunga punje ukaungua bila moto, na jua lilipowaka ardhi ikabaki nyeupe. Siwatu akachota maji kwenye tundu la tuta, akaonja, akatema. Akajitupa chini akalia, "Nimemwua mwanangu kwa ulimi wangu!"

Kidawa hakuumaliza mwezi. Walimzika mlimani, maana bondeni kila shimo lilijaa maji ya chumvi.

Mto akamgeukia mgeni wake. "Toka!"

"Niende wapi? Nimeshazoea hapa," akasema Bahari.

Na kweli hakutoka. Hupanda, hushuka, hupanda tena, na maji yao yamechanganyika, si matamu, si chumvi. Mto kwa hasira huteremsha tope kutoka milimani amfukie nalo. Bahari hafukiki. Tope limejaa, mikoko ikaota humo, kaa wakachimba, kamba wakazaliana. Watu wa mbali walipofika walisema hapa pana neema. Siwatu hakula hata kamba mmoja.

Alifunga mzigo wake akafuata wenzake waliohamia juu milimani. Mto alipomwona anaondoka, alifanya jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Aligeuka. Aliacha kuteremka, akapanda bonde kinyumenyume, Bahari akimsukuma nyuma.

"Mpwa wangu, nisamehe!"

Siwatu akaenda.

"Mpwa wangu, niliona haya kusema!"

Siwatu akaenda.

"Mpwa wangu, nigeukie japo mara moja!"

Siwatu alisikia. Alisikia kila neno, na machozi yalimshuka, lakini alimkumbuka Kidawa akiuliza kama mpunga umeiva, akakaza mwendo. Nguvu za Mto zikaishia bondeni, akarudi chini.

Kesho yake alipanda tena. Hadi leo, kila maji yanapojaa pwani, Mto hurudi nyuma, akafika pale pale alipoishiwa nguvu, akangoja kidogo. Njia huwa tupu.

Yangu yamekomea hapo. Anayetaka kulia na alie, hakuna atakayemcheka.