Rimu kwa Beberu, Nondo kwa Nyani

Paukwa!

Mbona mnaitika kama mliokula mhogo mbichi? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Mbugani walikuwa na kanisa moja la udongo, lililoezekwa nyasi. Kengele yao ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Ikigongwa mara tatu, ni ibada. Ikigongwa mfululizo, ni hatari, kila mtu atoke. Mgongaji alikuwa Mama Kanga, mjane, aliyelifagia kanisa hilo na kulalia mayai yake saba nyuma ya ukuta.

Wazee wa kanisa walikuwa wawili, Mzee Beberu na Mzee Nyani. Siku moja Nyani alitangaza kwamba asiyepiga makofi wakati wa kuimba hana imani. Beberu akajibu kwamba makofi ni ya ngomani, kanisani ni dhambi. Jamani, mmewahi kumwona beberu mwenye viganja? Angekuwa navyo, angepiga makofi hata mazishini. Na huyo Nyani, makofi ndiyo kazi pekee aliyolifanyia kanisa. Hakujua hata ufagio unawekwa wapi.

Waligombana, waligombana, waligombana, mpaka wakagawana vitu. Beberu na wenye kwato wakachukua rimu. Nyani na wenye mikono wakachukua nondo. Kila upande ukaenda nyumbani ukimshukuru Mungu kwa ushindi. Jumapili Beberu aliigonga rimu kwa pembe, akaumwa kichwa wiki nzima. Nyani aligonga nondo juu ya jiwe, wala jirani yake hakusikia.

Kiangazi kikaja, na mchana mmoja moto ukashuka kutoka mlimani ukielekea kanisani. Mama Kanga aliuona moshi, akayafikiria mayai yake, akakimbia kwa Beberu.

"Mzee wangu, moto unakuja, naomba rimu."

"Rimu utapata," akasema Beberu, "lakini isiguswe na nondo ya wale wapiga makofi."

Akakimbia kwa Nyani.

"Mzee wangu, moto unakuja, naomba nondo."

"Kwanza niambie, mama," akasema Nyani. "Wewe unapiga makofi au hupigi?"

Mama Kanga akazitazama mbawa zake, akaondoka. Akarudi tena kwa Beberu, hiyo sasa ni safari yake ya tatu, akamwambia moto umefika. Beberu akasema jambo hilo ni zito, linahitaji kikao, na kikao hakiwezi kufunguliwa bila nyimbo mbili. Nyimbo mbili, nyasi zinaungua! Wazee wale, Mungu awasamehe, maana mimi bado.

Basi Mama Kanga akapiga kelele kwa koo lake mwenyewe, na kelele ya kanga mnaijua. Mke wa Beberu akaisikia, akatoka bila kuaga. Mke wa Nyani akaisikia, akatoka bila kuaga. Mwenye kwato akachimbua udongo, mwenye mikono akaurusha motoni, Mama Kanga akaparura nyasi kavu kuziondoa karibu na kiota. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za makofi. Walichimba, wakarusha, wakaparura, hadi moto ukafa. Paa la kanisa liliteketea, kuta zikabaki. Mayai matatu yaliungua. Manne yalipona. Hayo matatu yananiuma hadi leo.

Asubuhi wazee wakaja, wamechana ndevu vizuri. Beberu amebeba rimu, Nyani amebeba nondo. Kila mmoja alitaka kuongoza ibada ya shukrani, kila mmoja alikuwa na hotuba yake, na wote wawili wakamuuliza Mama Kanga ibada itaanza saa ngapi.

Mama Kanga alikuwa juu ya mayai yake manne, na wale wake wa wazee wawili walikuwa wakikiziba kiota kwa udongo wa maji. Hakuinuka.

"Ibada ilikuwa jana, wazee wangu," akasema. "Hatukuwaona."

Hadithi yangu imeishia hapo. Nanyi mnaocheka, Jumapili nitakuja kutazama ni nani kati yenu anashika ufagio.