Bandama na Tonge la Nyumbani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu zilikuwa zimeshafika ila mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, palikuwa na mama mmoja katika kijiji cha Chigunga, huko Ugogoni, jina lake Mbeleje. Mumewe alipofariki alimwachia boma la miiba na mbuzi kumi na wanane. Fisi akaanza kupunguza. Leo mmoja, keshokutwa mmoja, mpaka wakabaki kumi na mmoja. Mbeleje hakuwa mtu wa kulialia, lakini kila jioni mbuzi walipoingia bomani moyo ulimwenda mbio, kwa sababu zaidi ya mbuzi wale hakuwa na kitu.

Akasema, nitafute mbwa. Akaenda mnadani.

Pale mnadani alikuwepo mchinjaji mmoja, Malogo, rafiki wa marehemu mumewe, mtu wa kicheko kikubwa na kisu kikubwa zaidi. Malogo alikuwa na mbwa jike aliyemlindia meza ya nyama miaka sita, akagongwa na lori la ng'ombe, akaacha mtoto mmoja ambaye hata macho hajafumbua. Malogo akamlea ndani ya boksi la sabuni, chini ya meza. Akampa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Meno yalipochomoza, akaanza kumdondoshea bandama mbichi, kipande kwa kipande, na mbwa akaitwa Bandama. Alikuwa na manyoya yanayong'aa na mbavu zilizofunikwa vizuri, kwani nyama mbichi ilimkubali.

"Shemeji," Malogo akamwambia Mbeleje, "hapa miguu ya watu itamkanyaga. Chukua ukamlee, na yeye atakulindia."

Sasa, katika nchi ile mtu anaweza kukupa ng'ombe umlee, ukanywa maziwa, na ng'ombe akabaki wake. Je, na mbwa ni hivyo hivyo? Malogo hakusema. Mbeleje hakuuliza. Watu wazima wawili, na midomo wanayo!

Bandama akafika Chigunga. Akala nyama mbichi tu, ambayo Malogo aliileta kila alipopita. Ugali akanusa, akaangalia pembeni. Uji akanusa, akaangalia pembeni. Kisha asubuhi moja mbuzi wa Mbeleje akazaa, na Mzee Chilewa, balozi wa nyumba kumi, ambaye boma lake lilipakana na la Mbeleje, akapita kusalimia. Akamkuta Bandama anaramba damu kwenye kitoto kile, na meno yameshashika ncha ya sikio.

Mzee Chilewa hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na hilo ndilo lililowatisha watu.

"Binti yangu," akasema, "mbwa wa mbichi haoni mbuzi, anaona kitoweo. Hilo unalijua."

"Nalijua, baba."

"Nakupa siku kumi na nne. Mbuzi wangu yule mweupe tumbo limeshashuka. Akizaa, tutamweka mbwa wako karibu na kitoto kikiwa bado kimelowa. Akikitia jino, ataondoka kijijini. Na unajua mbwa huondokaje."

Mbeleje akaitikia kwa kichwa. Aliingia ndani akakaa kitandani na mtoto wa mbwa mapajani, akaogopa kweli. Alikuwa amemzoea kuliko alivyotaka kukiri.

Kesho yake akapita Ansila na pikipiki yake. Huyu alikuwa mtaalamu wa mifugo wa kata, binti mrefu aliyeishi peke yake katika nyumba ya serikali. Watu walimwita Bibi Mifugo. Akasikiliza, akaondoka, akarudi na mfuko wa biskuti za mbwa uliobaki nusu na makopo tisa ya chakula laini.

"Vilikuwa vya mbwa wangu," akasema. "Alikufa masika. Nilishindwa kuvitupa." Akageuza uso kidogo, akajifanya anafunga mzigo.

Kisha akaeleza. "Mama, tumbo la mbwa halipendi kushtuliwa. Asubuhi mpe nyama, jioni mpe biskuti. Kila siku nyama ipungue kidogo, biskuti ziongezeke kidogo, mpaka nyama iishe. Biskuti zilainishe kwanza, na juu yake weka kijiko cha chakula cha kopo, harufu imvute. Maji yawepo muda wote."

"Zilainishwe," Mbeleje akasema. "Nimeelewa."

Ansila akawasha pikipiki, akaenda kuchanja ng'ombe kata ya jirani, siku tano. Hakusema zilainishwe kwa nini. Kwake lilikuwa jambo la wazi, na mtaalamu hapendi kueleza jambo la wazi.

Jioni ya kwanza Mbeleje akaloweka biskuti kwenye maji ya baridi, akaweka kijiko cha kopo juu. Bandama akanusa, akaangalia pembeni. Jioni ya pili akanusa, akaangalia pembeni. Jioni ya tatu vilevile, na tumbo lake halikuonekana la mwenye njaa. Hilo lilimshangaza Mbeleje. Hakujua kwamba kila adhuhuri, yeye akiwa malishoni, Malogo alisimama nyuma ya boma na kupenyeza kipande cha nyama katikati ya miiba.

Siku ya nne Malogo akaenda mnada wa mbali. Mbeleje naye akazitazama zile biskuti, ngumu katikati hata baada ya kuloweka, akajiambia, kumbe tatizo ni ugumu. Na mwanamke wa kule akiona kitu kigumu kulainika, iwe maharage au mlenda, mkono unajua wenyewe pa kwenda. Akachukua magadi. Akatia kipande cha ukubwa wa kidole, akaona haba, akatia cha pili. Biskuti zikalainika zikawa kama mlenda kweli. Bandama hakuwa amepata kitu adhuhuri ile. Akanusa, akaangalia pembeni, kisha njaa ikamshinda, akala yote. Mbeleje akafurahi hata akapiga kigelegele peke yake.

Asubuhi Bandama aliharisha, akatapika, akaharisha tena. Ilipofika saa nne alikuwa amelala ubavu, macho yamezama, na Mbeleje alikuwa juu ya kichuguu na simu sikioni, analia bila aibu.

Ansila akaacha foleni ya ng'ombe na wenye ng'ombe wakinung'unika. Malogo, aliyekuwa amerudi usiku, akaja mbio na aproni yake ya damu. Wakakutana wote watatu wamepiga magoti kumzunguka mtoto wa mbwa mmoja.

"Umempa nini, mama?" Ansila akauliza.

"Nililainisha. Kwa magadi."

Ansila akafumba macho. "Maji ya vuguvugu tu. Ningesema maji ya vuguvugu tu. Kosa langu."

Malogo akakohoa. "Shemeji, nisamehe. Alikataa chakula chako kwa sababu mimi nilikuwa namshibisha kwa siri. Alikuwa ananililia. Mimi sijui kukataa."

Hawakugombana. Mgonjwa akiwa katikati, ugomvi husubiri nje. Ansila akampa maji yenye chumvi kidogo na sukari, tone kwa tone, mchana kutwa. Tumbo likatulia. Lakini kesho yake Bandama akaliogopa bakuli, maana ndilo lililomwumiza. Ansila akafungua kopo, akapima vijiko viwili, akamsogezea. Bandama hata kunusa hakunusa. Aliangalia pembeni tu.

"Asipokula leo," Ansila akasema taratibu, "hizo siku kumi na nne hatutazihitaji."

Malogo akatoa kipande cha bandama kwenye mfuko wa aproni. Ansila akataka kumzuia. "Simlishi," Malogo akasema. Akakipaka kwenye ukingo wa bakuli, kuzunguka mara moja, kisha akakitupa mbali juu ya miiba. Pua ya Bandama ikacheza. Kichwa kikainuka. Lakini miguu haikuamka.

Ndipo Mbeleje akaingiza vidole kwenye bakuli. Akachukua chakula kile kidogo, akakifinyanga kiganjani kama tonge la ugali mpaka kikapata joto la mkono, akakipitisha kwenye ule ukingo uliopakwa, akakisogeza mdomoni mwa Bandama. "Kula, baba," akamwambia. "Kula, usiniache." Bandama akanusa. Akaangalia pembeni. Akanusa tena. Akaramba.

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Biskuti zikalowekwa kwa maji ya vuguvugu, kijiko cha kopo kikawekwa juu, nyama ikapungua mpaka ikawa kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kisha hakuna. Malogo alipopita adhuhuri aliweka mikono nyuma, na siku moja alionekana anafuta machozi, akasingizia vumbi.

Siku ya kumi na nne mbuzi mweupe wa Mzee Chilewa alikuwa amezaa alfajiri. Kijiji kikaja. Kitoto kikawekwa chini kikiwa kimelowa damu na ute, kinatetemeka. Mbeleje akamfungulia Bandama, akarudi nyuma.

Bandama akaenda moja kwa moja. Akanusa damu. Akakiramba kitoto usoni mara moja, akazunguka, akajilaza ubavuni mwake, akapiga miayo.

Mzee Chilewa akasogea akamtazama. "Nimeshindwa na mtoto wa mbwa," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka. "Abaki. Sasa niambieni ni wa nani, nimtangaze."

Pale Chigunga mbwa hutangazwa kwa jina la mtu mmoja, kwa sababu mbwa wa watu wawili hulinda nyumba ya tatu. Na mwenyewe ni yule aliyemlisha tonge la nyumbani, yaani tonge la kwanza kukaa tumboni la chakula anachokula hapo siku zote. Basi mzee akauliza, "Nani alimlisha tonge la nyumbani?"

"Mimi," wakasema watatu kwa pamoja.

Malogo akatangulia. "Mzee, mbwa huyu nilimwokota ubavuni mwa mama yake aliyekufa, nikamlea. Shemeji nilimpa alee, kama watu wanavyoleana ng'ombe. Na siku ile alipolikataa bakuli, nani aliinua kichwa chake? Ni ile harufu niliyopaka. Bila mimi tonge lingebaki chakula cha inzi. Meza yangu haina mlinzi tangu mama yake afe. Na naapa, mbichi hataonja tena."

"Si wewe uliyesema hujui kukataa?" Ansila akasema, watu wakacheka. Kisha akasimama. "Mimi sina maneno mengi. Chakula kilikuwa changu. Kipimo kilikuwa changu. Yale maji ya tone kwa tone yalikuwa ya mkono wangu, la sivyo asingefika siku ya kula. Mwezi ujao nahamishwa kwenda mbali. Nilidhani sitafuga tena mbwa. Nikiwa nimepiga magoti pale nikajua nilijidanganya."

Mbeleje akaja wa mwisho. Alijua kwamba magadi yalikuwa yake, na kila aliyekuwepo alijua. "Ni kweli nilikaribia kumuua," akasema. "Lakini tonge ni mkono. Chakula kilikuwepo, harufu ilikuwepo, na hakuinuka mpaka nilipompa mimi. Mbwa si ng'ombe, shemeji. Na wewe mwanangu Ansila, nakuonea huruma, Mungu anajua. Ila wewe ukienda naye utapata mwenzio. Mimi nikimkosa, fisi ataniachia boma la miiba peke yake."

Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwacheni mbwa achague mwenyewe!" Mzee Chilewa akamkatalia. "Malogo ananuka nyama toka kichwani hadi viatuni. Hapo kuna kuchagua?"

Wakazungumza mpaka jua likaegemea. Mbuzi wa Mbeleje wakarudi, sasa kumi na wawili ukihesabu na kile kitoto chenye sikio lenye kovu, wakaingia bomani. Saa ya Bandama ya kula ikafika. Akajinyoosha, akaenda kwenye bakuli lake, akalikuta tupu. Akaketi mbele yake. Akamtazama Malogo, akamtazama Ansila, akamtazama Mbeleje. Mfuko wa biskuti ulikuwa hapo, maji ya vuguvugu yalikuwa hapo, na hakuna aliyethubutu kuinama, maana atakayeinama atakuwa amejitangaza.

Mzee Chilewa akakuna kidevu, akasema swali hili limemzidi kimo, aulizwe yeyote atakayepita Chigunga na masikio yake.

Nyinyi mmepita. Mbwa ana njaa, msichelewe kujibu. Aliyemlea na kulipaka bakuli harufu, aliyeleta chakula na kumvuta kutoka kifoni, au aliyekosea kisha akafinyanga tonge kwa mkono wake: je, nani ainame ajaze bakuli?