Kifereji cha Nkoma

Wazee waliotuachia methali isemayo mdharau mwiba mguu huota tende hawakuhitaji kututisha kwa simba wala chatu. Walichagua mwiba. Unauona kwenye unyayo, unasema nitautoa kesho, na kesho mguu umevimba kama gunia la kahawa, kiatu hakiingii. Mwiba wa Magid haukuwa hata na ncha. Ulikuwa kifereji kikavu, upana wake hatua moja, kilichojaa maganda ya matoke.

Magid alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, mzaliwa wa Walukuba kule Jinja. Mafundi walimwita Afande kwa sababu babu yake alikuwa askari, na kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kusimama mikono nyuma kama anakagua gwaride. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Aliweza kuchukua konzi ya udongo mwekundu, akauminya, akakuambia kama umelowa kiasi cha kushindiliwa au bado.

"Barabara ni kitanda," aliwaambia vibarua wapya. "Udongo ulioshindiliwa ndio chaga. Marum, huu udongo wa changarawe, na kokoto ndio godoro. Lami ni shuka tu. Mgeni husifu shuka, lakini mwenye kulala anaijua chaga."

Mwaka huo alipewa barabara fupi ya mtaa wa Nkoma, mjini Mbale. Ilimfurahisha na kumtia kiwewe, maana ilipita mbele ya nyumba ya mama mkwe wake, Mama Nusifa. Watu wa huku wanajua maana yake. Mume hamsogelei mama wa mkewe. Hampi mkono, hali naye, haingii nyumbani mwake. Wakikutana njiani kila mmoja hushika upande wake, mama akijifunika khanga na mkwe akitazama ukingo wa barabara kama aliyedondosha shilingi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, Magid alikuwa ameona pindo la khanga ya mama huyo na visigino vyake, basi.

Tena barabara ya Nkoma ilibeba jambo jingine. Injinia Geresom, mkubwa wake aliyekaa Jinja, alikuwa amemwahidi: "Hii ikifunguliwa Jumamosi bila dosari, ile ya Walukuba ni yako." Ya Walukuba! Ingepita mlangoni kwa mama yake mzazi, mahali alipokulia akiruka madimbwi kwenda madrasa. Habari hiyo Magid hakuweza kukaa nayo. Alikwisha kuwaambia majirani, imamu, na hata muuza samaki.

Jumatatu ya wiki hiyo Geresom alipiga simu. "Magid, kwenye ramani naona alama ya kifereji kinachokatiza barabara karibu na mwisho. Tulipima wakati wa kiangazi, sina hakika nacho. Uliza wenyeji kabla hujakifunga."

Hakuhitaji kwenda mbali. Nambozo, mwanamke wa mtaa huo huo, alikuwa hapo hapo na bendera zake mbili: nyekundu magari yasimame, kijani yapite. Kabla hajaulizwa, alikuja mwenyewe.

"Mulembe, Afande. Hii mfereji usifunge. Mama mkwe wako amenituma. Anasema maji ya Wanale inapita hapa."

Magid akachungulia kiferejini. Mlikuwa na maganda, na ndala moja ya mguu wa kushoto. "Maji gani? Hapa hata chura amehama."

"Haijakufa, bwana. Imelala."

"Basi tusiiamshe." Vibarua wakacheka.

Nambozo hakucheka. Alionyesha kwa bendera jabali la mlima Wanale lililosimama juu ya mji. "Mvua ikinyesha kule juu, sisi huku tunaanika nguo, jua kali. Halafu unaona nyuzi nyeupe kwa jabali. Hizo ni maji. Ukiona nyuzi, weka chai kwa moto. Haitachemka kabla maji haijafika. Weka kalvati, Afande. Hata tatu."

Magid akapiga hesabu ya siku. Kuweka kalvati maana yake kukata tabaka lililokwisha kushindiliwa, kuchimba, kulaza mabomba ya kupitishia maji, kufukia na kushindilia upya. Siku mbili au tatu. Jumamosi ingewakuta na kokoto tupu.

"Nambozo, mimi nimekulia kando ya Nile. Maji unanifundisha mimi? Ya kwetu yanatoka ziwani, unayaona mchana kutwa, hayavizii watu. Wewe shika bendera, mimi nashika barabara."

"Kale, sawa. Na mama mkwe nimwambie nini?"

"Mwambie mkwe wake hasomeshwi kazi kupitia dirishani."

Vibarua wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa chembamba, maana hilo si neno la kumpelekea mkwe. Nambozo akamtazama, akarudi kwenye bendera zake. Magid akampigia Geresom simu.

"Wenyeji wanasema kifereji hakina kazi, Injinia. Kimekufa."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Wakakijaza udongo, wakakishindilia mpaka ardhi ikalia kama ngoma. Alhamisi wakamwaga lami. Ilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Katikati iliinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe, ili mvua ikianguka juu yake iteremke pembeni na kuingia mitaroni. Watu walitoka majumbani kuikanyaga na kunusa upya wake. Magid alikuwa ameifikiria mvua itakayoiangukia barabara. Hakuifikiria ile itakayonyesha mlimani na kuikuta njiani.

Ijumaa alitoka msikitini akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akapita kazini kutazama viti vya wageni wa kesho vikipangwa. Jua lilikuwa kali. Nguo zilianikwa kila ua. Wanale tu ndiyo ilikuwa imejifunga wingu kichwani.

"Afande," aliita Nambozo.

Magid akainua macho. Jabali lilikuwa limevaa nyuzi nyeupe, tano, sita, nane.

Aliendelea kuzihesabu mpaka aliposikia mngurumo, kama magunia ya kokoto yanaburutwa. Maji yalikuja mekundu, yakibeba majani ya migomba na sufuria ya mtu. Yalifuata njia yao ya zamani mpaka barabarani, yakagonga udongo ulioshindiliwa vizuri, yakasimama. Magid alikuwa amejenga ukuta, akaupaka lami juu. Maji yakapanda, yakageuka kushoto, yakaingia ua wa kwanza yaliouona. Ulikuwa wa Mama Nusifa.

"Yuko ndani!" Nambozo alitupa bendera akakimbia.

Magid alimfuata hadi kizingitini, akanasa. Nyumba ya mama mkwe! Maji yalikuwa magotini na bado yanapanda.

"Afande, desturi itakuja kuokoa mtu?" Nambozo alifoka. "Ingia!"

Akaingia, akapita sebule, mpaka chumba cha kulala, mahali ambapo mkwe haingii hata kwa ndoto. Mama Nusifa alikuwa amesimama juu ya kitanda, khanga kichwani, uso ameugeuzia ukutani. Magid naye akatazama dari. Walikuwa hatua mbili mbali, na mama aliongea kama Magid yuko Jinja.

"Nambozo, mwambie mkwe wangu ashushe Kurani kwanza. Iko juu ya kabati."

Magid akaishusha, akaikumbatia kifuani. Maji yalikuwa yakimfika mapajani. "Nambozo, mwambie mama naomba radhi."

"Mwambie radhi nimeisikia. Sasa abebe godoro, linalowa."

Hakumtukana. Hakumkumbusha neno la dirishani, ingawa mama alipokuwa akitolewa nje ameshikwa mkono na Nambozo, Magid aliliona dirisha lenyewe: lilikuwa wazi, na lilitazama pale pale waliposimama Jumatatu wakicheka. Basi mama alilisikia mwenyewe, hakukuwa na haja ya mjumbe. Angetukanwa angepumua. Alitoka na godoro la mama mkwe kichwani, kanzu imegeuka rangi ya matofali, mbele ya mtaa mzima. Hata wenye kujua mzaha siku hiyo waliukosa.

Nyuma yao maji yalikuwa yamechoka kusubiri. Yalipata upenyo chini ya ukingo wa barabara, yakaanza kula marum. Lami ikabaki inaning'inia hewani kama shuka lisilo na kitanda. Kisha ikakatika, vipande vikateremka na maji.

Jumamosi viti vilikuwa vimepangwa, vimepakwa matope, hakuna aliyevikalia. Injinia Geresom alisimama kwenye ukingo wa shimo muda mrefu, mikono mfukoni. Halafu akauliza bila kupaza sauti.

"Nani alikuambia kifereji kimekufa?"

Geresom akamgeukia Nambozo. "Wewe ndiye mwenyeji wa hapa. Ni wewe uliyemwambia?"

Hapo Magid aliona mlango umefunguka, mpana, laini. Neno moja tu, "ndiye", na mwanamke wa bendera angeondoka na bendera zake. Nani angemwamini? Nambozo alimtazama Magid tu, na zile bendera mbili alikuwa amezisafisha.

"Aliniambia kimelala," Magid alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Aliniambia niweke kalvati tatu. Mama mkwe wangu pia alituma neno. Wenyeji wote walisema kina kazi, Injinia. Mimi ndiye niliyesema kimekufa."

Geresom alishusha pumzi. "Ya Walukuba atasimamia mwingine."

"Ndiyo."

"Hii utaichimba na kuijenga upya. Kalvati tatu. Na wa kukuonyesha pa kuzilaza ni huyu mama. Unamsikiliza?"

"Namsikiliza."

Nambozo akafunga leso kiunoni, akashuka shimoni, akaanza kuwaonyesha vibarua kwa kijiti mahali maji yanapopendelea. Bendera zake zikabaki juu ya jiwe, na magari kwenye njia ya mchepuko yalikuwa yanapiga honi. Magid akaziokota.

Bodaboda mmoja akasimama mbele ya ile nyekundu, akamtazama kutoka kofia hadi buti. "Afande! Umepandishwa cheo?"

Magid alitaka kujibu mzaha, kama kawaida yake. Simu ilitetemeka mfukoni: mama yake, kutoka Walukuba. "Mwanangu, majirani wanauliza unaanza lini huku kwetu?"

"Mama," alisema, "nitakupigia." Akainua ya kijani.

Magari yalipopita, Mama Nusifa alitoka uani na ndoo ya matope, akaja kuyamwaga kando ya njia. Magid akageuka upande wake wa barabara, kama desturi inavyotaka. Miaka kumi na mmoja alikuwa akigeuka kwa heshima. Siku hiyo aligeuka kwa aibu, na alijua kwamba mama kule nyuma ya khanga anaijua tofauti.

Kifereji chenyewe kilikuwa hatua moja tu. Mdharau mwiba, mguu huota tende.