Chiriku Aliyepita Lango la Wageni

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma hamjaitika. Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipokuwa na meya, na meya ana karani, na karani ana muhuri, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kidimbwini. Ulikuwa na soko moja, kiwanja kimoja cha majani, na chemchemi moja yenye matete. Ndani ya matete hayo aliishi Chiriku, mama kijana, mzazi wa juzijuzi, na makinda wake watatu ambao hata macho walikuwa hawajayafumbua sawasawa. Chiriku alikuwa mwoga. Jani likianguka, moyo pwa! Upepo ukivuma, moyo pwa! Na akiogopa alisema upesi upesi, maneno yakikanyagana, mpaka majirani humwambia, "Mama, pumua kwanza."

Meya alikuwa Batamzinga. Siku moja aliita baraza wapange vipaumbele vya maendeleo ya mji. Wakakaa siku tatu. Wakatoka na vipaumbele kumi na viwili, na vyote vilikuwa vya kwanza.

— Vyote vya kwanza? Na cha pili?

Cha pili hakikuwepo, Kitsao. Kila mjumbe alikataa chake kuwa cha pili. Ndipo Batamzinga akakata shauri, "Tutafute mwekezaji, atuchagulie yeye. Mgeni njoo!"

Wajumbe wakaitikia, "Mwenyeji apone!"

Wakajenga lango kubwa la wageni, wakalipamba maua. Hazikupita siku mbili, akaja Kiboko. Amebeba nini? Hakubeba kitu. Alibeba tumbo.

"Nitaleta ajira elfu moja," akasema. Ngoma zikalia. "Ila mimi sifagii soko."

Katika mji ule kila mkazi alifagia soko Jumamosi, hata Batamzinga, akiwa anatazamwa.

"Mkinifagilisha," Kiboko akapiga mwayo, kinywa wazi kama mlango wa ghala, "nitahamia mji wa jirani."

Batamzinga akawa mwekundu, akawa buluu. "La, la, mheshimiwa! Usifagie! Hicho kiwe kivutio chako cha kwanza."

Kasuku, karani, akagonga muhuri. "Kivutio! Kivutio!" Ta!

Siku ya nne tangu afike, Kiboko akarudi. "Nataka kile kiwanja cha majani."

"Lakini watoto huchezea pale," akasema mjumbe mmoja, sauti ndogo.

Kiboko akapiga mwayo. "Nitahamia mji wa jirani."

"Mgeni njoo!" akapiga kelele Batamzinga, na wajumbe, hata yule wa sauti ndogo, wakaitikia, "Mwenyeji apone!" Ta! Jioni yake kiwanja hakina hata unyasi.

— Na zile ajira elfu?

Watu waliuliza hivyo hivyo, Nyamvula. Kiboko akafumbua kinywa akasema, "Hizi hapa. Nani atanichokonoa meno?" Ndege wakachokonoa, na malipo yao ndiyo hayo hayo waliyoyakuta menoni. Kasuku akaandika, "Ajira mia moja zimepatikana." Meya akapigwa picha.

Siku ya saba Kiboko akarudi tena. "Sasa nataka chemchemi, niwe peke yangu. Na matete myafyeke, yananiwasha mgongo."

Kiboko hakumaliza hata mwayo, Kasuku ameshagonga. Ta! Matete yafyekwe kesho saa nne asubuhi.

— Na makinda je?

Ndiyo hapo sasa! Chiriku alisikia habari akiwa na mdudu mdomoni, mdudu akamponyoka. Mbio hadi ofisini. Ofisi ilikuwa na madirisha mawili.

"Karani shikamoo, mimi ni Chiriku wa matete, nina makinda watatu, hawajui kuruka, mmoja bawa halijaota, mkifyeka kesho wataanguka majini na kule kuna Kiboko, naomba wiki mbili tu, au moja, jamani hata siku tano —"

"Wewe ni mwekezaji?" Kasuku akauliza.

"Mimi ni mkazi."

"Dirisha la wakazi ni lile."

"Limefungwa."

"Naam. Limefungwa tangu lijengwe. Hili ni la wageni."

"Mgeni ni nani?"

"Aliyefika hapajapita siku saba. Siku ya nane huyo ni mkazi, tumeshamzoea. Haya mama, pisha foleni."

Nyuma yake hakukuwa na foleni.

Chiriku akarudi kiotani akawakumbatia makinda. Mara akahesabu kwa kucha za miguu: moja, mbili, tatu. Akahesabu tena.

Asubuhi akawafunika makinda kwa majani, akatoka mjini kwa njia ya nyuma. Akajipaka udongo mwekundu kichwa mpaka mkia. Akafunga uzi wa kindu shingoni kama tai. Akazunguka, akaingia kwa lango la wageni, kifua mbele, moyo pwa! pwa! pwa!

"Mwekezaji!" akalia Kasuku.

— Hawakumjua?

Wangemjuaje? Tangu Chiriku azaliwe mjini hapo Batamzinga hajawahi kumtazama usoni, na Kasuku jana alitazama muhuri wake tu. Akaletewa kiti. Akaletewa maji ya madafu.

"Karibu mheshimiwa! Umetoka wapi?"

"Mji wa jirani," Chiriku akasema polepole, neno moja, halafu jingine, maana akiharakisha tu atajulikana. "Nataka matete. Yasiguswe. Na maji ya chemchemi yanywewe na kila mwenye kiu."

"Aah, chemchemi tumempa Kiboko..."

Chiriku akajaribu kupiga mwayo. Kakinywa kakafunguka kama punje ya mtama. "Basi nitahamia mji wa jirani."

Batamzinga akawa mwekundu, akawa buluu, akawa rangi ambayo haina jina. "Wageni wawili! Nimpe nani?"

"Kwani yule," Chiriku akauliza, "amefika lini?"

Kasuku akafungua daftari. Akahesabu. Akameza mate. "Leo ni siku ya nane."

Kiboko, aliyekuwa amekuja kusimamia ufyekaji, akakoroma. "Ya nane, halafu?"

"Halafu wewe ni mkazi, mzee. Shida zako peleka dirisha lile."

"Limefungwa!"

"Naam. Na Jumamosi ufagio wako huu hapa."

Kiboko akapanua kinywa chote. "Nitahamia mji wa jirani!"

Batamzinga hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa anampepea mgeni. "Hama salama, ndugu mkazi."

Kiboko akaondoka, ardhi ikitikisika, na meno hayajachokonolewa. Matete yakabaki, makinda wakafumbua macho wakayaona.

Majirani walipopata siri, basi tena! Kila baada ya siku saba mji mzima ulitoka kwa njia ya nyuma na kuingia kwa lango la mbele, mbuzi kavaa tai shingoni, panya kabeba mkoba, kila mmoja akiomba alichokosa: kiwanja, njia, kivuli sokoni. Batamzinga akapewa zawadi kwa kuvuta wawekezaji wengi kuliko miji yote. Na makinda wa Chiriku walipoota mabawa, safari yao ya kwanza ilikuwa nje ya mji na kurudi. Mmoja akamuuliza mama, "Kwetu ni wapi?" Chiriku akasema, "Ni hapa, mwanangu. Ila usiseme kwa sauti, meya atasikia."

Basi wanangu, mji usiomjua mtoto wake utampa kiti mgeni yeyote aliyejipaka udongo. Hadithi yangu imekoma hapo. Anayetaka kuirefusha na aibebe kichwani.