Dereva wa Asubuhi na Dereva wa Mchana

Wapendwa, leo naomba tuingie wote kwenye yadi ya magogo. Mnaijua yadi ilivyo: vumbi la mbao, harufu ya paini, malori yamepanga foleni yakisubiri kushushwa mzigo. Katika yadi moja ya namna hiyo palikuwa na madereva wawili walioendesha mtambo mmoja kwa zamu, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Majina yao siyataji, maana nikiyataja mtaanza kuulizana ni watu wa ukoo gani, na mahubiri yatakuwa yameishia hapo.

Mtambo wenyewe ulikuwa katapila dogo la zamani, lile linalotembea kwa mikanda ya mpira badala ya matairi. Mzee Mwalyego pale nyuma amewahi kuendesha la namna hiyo. Nikikosea atanisahihisha baada ya ibada, si sasa. Mbele ya katapila hilo unaweza kufunga bakuli la kuzolea, au ukafunga makucha ya kubebea magogo. Bakuli halina matata. Makucha ndiyo yana kazi, kwa sababu yanafumba na kufumbua kwa nguvu ya oili. Lazima uunganishe mipira miwili ya oili, kichwa cha chuma kwa kichwa cha chuma, mpaka usikie "tak". Sasa, ukiichomoa mipira hiyo bila kwanza kutoa presha, oili inabaki imejifungia mle ndani, imekaza. Ukiiacha juani inazidi kukaza. Anayekuja baada yako atasukuma kile kichwa mpaka jasho limwishe, na hakitaingia. Mitambo mipya nasikia ina kitufe cha kumaliza hayo yote. Huu wa zamani hauna kitufe. Unategemea adabu ya dereva.

Ndiyo maana pale yadini palikuwa na desturi. Anayemaliza zamu anatoa presha yote, ya mtambo na ya makucha, kisha anampa mwenzake ufunguo mkononi na kumwambia, "Nimekuachia laini." Naye anajibu, "Nimepokea laini." Basi, kazi inaendelea.

Hawa wawili walikuwa wameacha kuambiana hayo. Ufunguo ulikuwa unatundikwa kwenye msumari ukutani, mmoja anautundika, mwingine anautundua, hakuna aliyemtazama mwenzake. Mnataka kujua waligombania nini? Mto wa kukalia! Kiti cha katapila kilichanika, mke wa dereva wa mchana akashona mto mzuri wa kitenge. Dereva wa asubuhi akaukuta umelowa mvua, akautupa kwenye moto wa maganda. Mnacheka. Chekeni tu, lakini mna uhakika ninyi ugomvi wenu ulianza na jambo kubwa kuliko mto? Wazee wa kanisa waliwaita, wakawakalisha, wakashikana mikono, hata picha ikapigwa. Kila Jumapili waliimba besi bega kwa bega. Ila kusemeshana, hapana.

Siku moja, saa nne asubuhi, dereva wa asubuhi alitoa makucha ili afunge bakuli, azoe maganda yaliyojaa njiani. Alikuwa ameshashika spana, ameshainama, tayari kutoa presha. Akamkumbuka yule atakayekuja saa sita. Akasimama. Akairudisha spana kwenye boksi lake, na mwenzake hakuwa na ya namna hiyo. Hakuvunja kitu, hakuiba kitu, hakumtukana mtu. Aliacha tu kufanya jambo la dakika mbili. Tena makucha yale akayaweka pale ambapo jua hupiga kuanzia saa tano.

Saa sita akatundika ufunguo, akaenda kwa mama lishe aliye mkabala na yadi. Akaagiza ugali na maharage, akachagua kiti kinachotazama kazini. Akaanza kula huku anaangalia.

Dereva wa mchana akaja, akalipeleka katapila kwenye makucha, bakuli likiwa bado limefungwa, akashika mpira kwanza, akasukuma. Haukuingia. Akasukuma kwa viganja viwili. Akasukuma kwa goti. Akajifuta jasho, akasukuma tena. Na kila alipojifuta jasho, yule wa kibandani tonge lilimnogea. Nasema kweli, lilimnogea! Mwisho yule wa mchana akasimama wima, akageuka, akatazama upande wa kibanda. Macho yao yakakutana. Dereva wa asubuhi akainamia sahani yake kana kwamba maharage yanamwita.

Alipoinua uso, mwenzake alikuwa ameshachukua mtaimbo na kupanda juu ya rundo la magogo, ayasukume kwa mikono, kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri mzigo, na dereva wake anapiga honi. Akachomeka mtaimbo, akaegemea. Gogo moja likatikisika. Kisha ukasikika mngurumo, na baada ya mngurumo, sauti ya mtu.

Dereva wa asubuhi alifika akiwa bado na ugali mkononi. Mwenzake alikuwa amelala chali kati ya magogo, gogo moja limemkalia mguu kuanzia gotini kushuka. Juu yake kulikuwa na jingine, nene mara mbili, limezuiliwa na kigingi kimoja tu cha pembeni. Na kigingi kile kilikuwa kimeanza kupinda. Ulikuwa unakisikia kikilia.

Msimamizi wa yadi, mama mmoja ambaye hata malori yalimwogopa, akanyoosha mikono. "Mtu asiguse! Mkivuta hilo la chini, lile la juu linamshukia kifuani. Yainuliwe kutoka juu, kwa makucha. Baba, wewe ndiye uliyepo, panda kwenye mtambo!"

Dereva wa asubuhi akapanda. Akaliweka bakuli pembeni, akaiendea fremu ya makucha, akafunga, akahakikisha pini zote mbili zimepita kwenye matundu yake. Akaruka chini, akashika mpira. Ulikuwa wa moto na mgumu. Akasukuma kile kichwa, na kikamkatalia kama alivyojua kitamkatalia.  Aliogopa, wapendwa. Tena hakuanza kumwogopea mwenzake. Alijiogopea mwenyewe.

Fundi akaja mbio na spana zake. "Ni ule ugonjwa wake wa siku zote," akasema. "Presha imebaki kwenye mtambo. Zima injini, nifungue huku nyuma nilegeze nati."

Dereva angeweza kusema pale pale. Alijua presha haiko kwenye mtambo. Alijua iko wapi, tangu saa ngapi, na nani aliiacha. Akafungua mdomo, akasema, "Labda."

Labda! Wewe hujawahi kusema "labda" huku unajua? Mkeo anatafuta kitu nyumba nzima, unajua kilipo, unasema labda. Kazini wanamlaumu mtu, unajua si yeye, unasema labda. Ni neno dogo, halina dhambi usoni.

Fundi akaanza kufungua kifuniko cha nyuma. Boliti nne. Tatu zikatoka, ya nne ina kutu. Akaipaka oili, akaigonga, akaizungusha. Kule kwenye rundo, dereva wa mchana mwanzo alikuwa anapiga kelele, kisha akawa anaongea, kisha akabaki anahema. "Sivisikii vidole," alimwambia aliyekuwa anampepea kwa kofia. Kigingi kikalia tena. Dereva wa asubuhi alikuwa amesimama ameshika mpira ule mgumu kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Boliti ikatoka. Fundi akalegeza nati, matone machache yakadondoka, akaikaza. "Haya, jaribu."

Akajaribu. Haukuingia.

Fundi akakuna kichwa. "Basi kuna kitu kimekufa ndani ya huu mtambo. Mzee huyu amechoka. Tukafuate mtambo wa ile yadi ya ng'ambo ya mto."

"Ni mwendo wa saa nzima!" msimamizi akasema.

"Sasa tufanyeje, mama?"

Vijana wawili wakarukia pikipiki. Ndugu zangu, simameni hapa kidogo mwone jaribu lilivyokaa. Pikipiki ile ikiondoka, kosa ni la mtambo. Mtambo ni wa zamani, kila mtu anajua, hata mkutano wa uchunguzi ukifanyika watasema ni uchakavu. Hakuna atakayejua kamwe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea kwa miezi minane.

Pikipiki ikawaka. Kigingi kikapasuka kwa juu, tak, na gogo lile nene likateremka kiasi cha kiganja. Dereva wa mchana hakupiga kelele. Alifumba macho tu.

"Rudini!" Dereva wa asubuhi alisikia sauti na hakuamini ni yake. "Zimeni pikipiki! Mtambo ni mzima. Presha iko kwenye makucha. Mimi ndiye niliyeiacha asubuhi, na niliiacha makusudi!"

 Msimamizi akamtazama mara moja, kwa jicho ambalo bwana yule hatalisahau. "Hayo utaeleza baadaye," akasema. "Toa presha."

Akafunga tambara kwenye nati iliyounga mpira na makucha, akageuza uso pembeni, akailegeza robo mzunguko. Oili ya moto ikafyatuka, ikapenya kwenye tambara, ikamuunguza kiganja. Hakuachia. Ilipungua, ikatiririka, ikaisha. Akakaza nati. Akashika mpira, ukabonyea. Akasukuma kichwa cha kwanza, kikaingia. Cha pili kikaingia. Zoezi zima lilikuwa limechukua dakika mbili, zile zile alizozinyima asubuhi.

Akapanda, akawasha. Makucha yakafumbuka. Akayapeleka juu ya gogo nene polepole, mkono wenye malengelenge umeshika wenzo, akalikamata, akaliinua, akarudi nyuma nalo wakati kigingi kinaanguka. Kisha akalifuata lile la chini. Watu wakamvuta yule mtu. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini ulikuwa mguu, na mwenye mguu alikuwa hai.

Wakamlaza juu ya mbao wakisubiri gari. Dereva wa asubuhi akapiga magoti kando yake, mbele ya watu wote. Hakuna aliyemlazimisha.

"Kaka, nisamehe. Ni mimi niliyeacha presha kwenye ile mipira."

"Najua," yule akajibu, macho yakiwa bado yamefumbwa.

"Umenisikia nilivyosema sasa hivi."

"Hapana. Nilijua saa ile ile nilipoushika mpira. Mipira ya makucha haikazi yenyewe. Nikajua ni wewe, umeniachia makusudi."

Dereva wa asubuhi akamwinamia. "Sasa mbona hukuniita? Nilikuwa pale nakula, na ukanitazama. Ungeniita mara moja tu, hata kwa kunitukana, ningekuja kuitoa."

Yule wa mchana akafumbua macho, akalitazama rundo. Kisha akasema, "Niliona afadhali nipande kwenye magogo."

Sasa, wapendwa, nizungumze na sisi.

Tangu nimeanza nimekuwa nikiwaangalia nyuso. Niliposema amerudisha spana kwenye boksi, mlitikisa vichwa. Niliposema tonge limemnogea, Mama Tusekile aliguna mpaka huku nikasikia. Wengi wenu mlikuwa mnamngoja yule wa asubuhi apate lake, na moyoni mmeshampa jina la mtu fulani. Mlisema, ndivyo alivyonifanyia fulani. Mlikaa kwenye nafasi ya yule aliyeonewa, mkatulia hapo.

Kumbe ni nani aliyepanda kwenye magogo? Nani aliyeshika mtaimbo? Alijua tatizo liko wapi. Alijua nani anaweza kulitoa. Alimwona kwa macho yake, hatua thelathini tu, ana sahani mkononi. Hakukosa msaada. Alichokosa ni ulimi wa kumwita aliyemkosea. Aliona kufa ni rahisi kuliko kumsemesha mtu.

Nasi je? Umekosewa, hilo silibishi. Lakini kwa sababu umekosewa, shamba la marehemu baba linaota vichaka, kwa kuwa huwezi kumpigia simu kaka yako. Mtoto wako amekosa mlezi mjini, na shangazi yake ana vyumba vitatu. Mama yenu anauguzwa na mmoja, mgongo unamkatika, kwa kuwa wawili hamsemeshani. Unapanda magogo kila siku, unasema unambeba Mungu moyoni, na ukianguka utasema shetani amekusukuma. Hapana. Umepanda mwenyewe, kwa miguu yako, ukijua.

Yule aliyekosa atatoa hesabu yake, na ninyi mmemsikia akiitoa kwa magoti. Leo sisemi naye. Leo nasema na wewe uliye na haki yote, uliyeonewa kweli, ambaye hadi asubuhi hii hujafungua mdomo.

Kwaya, msisimame bado. Mwinjilisti, usisome matangazo. Mtu huyo aliyekukosea yuko humu ndani, umeshamwona alipokaa, tena umechagua benchi lako ili uwe mbali naye. Mimi nanyamaza, nakaa chini. Nenda ukamwite kwa jina lake.